Kiapo kwa Mwizi wa Mvua

Jirani yetu mchoma makaa hakujua kusamehe, nami nasema hivyo kwa kumsifu. Wako watu wanaosamehe kwa sababu wamechoka, na wako wanaosamehe kwa sababu wanaogopa, halafu wote wanasingizia dini. Yeye alikwenda kanisani kila Jumapili, akaimba kuishinda kwaya, kisha akarudi nyumbani na vinyongo vyake vyote, hakuna kilichopungua. Shemeji yake alimchinjia kuku bila ruhusa zamani sana, na hata walipokuwa vikongwe wote wawili alikuwa akimsalimia njiani, "Hujambo, wewe na kuku wangu?" Shemeji alikwisha kumletea kuku mwingine, tena mnono kuliko yule wa kwanza. "Amelipa kuku," alituambia. "Mayai hajalipa."

Asili yake sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta yuko, boma lake likipakana na letu huko Ganze, na moshi wa tanuri lake ukiingia kwetu kila upepo ulipogeuka. Watoto wote tulimwita Hawe, ndivyo Wagiriama tunavyomwita nyanya, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mjukuu wake wa damu. Alikuwa mfupi, mkavu, na vidole vyake vilikuwa vimeingiwa na weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Jumapili alivificha ndani ya leso. Jumatatu ungemkuta anakunyooshea vile vile vidole usoni, akikusomea makosa yako ya mwaka juzi.

Kukiwa na matanga au harusi, mwiko alishika yeye. Hakuna aliyemchagua, alifika tu akawaondoa wengine jikoni. Alijua nani ametembea kutoka mbali, nani ana mimba, nani amekula kwake kabla ya kuja. Aliyeshiba nyumbani alipata kijiko kimoja cha heshima, hata angekuwa nani. Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka sisi watoto tukaigeuza wimbo wa kurukia kamba: aliyekula kwanza ndiye anayeosha sufuria.

Kwenye matanga ya baba yangu alikuja mheshimiwa mmoja na msafara wa magari. Wakaingizwa ndani, wakapakuliwa kwa mlango wa nyuma, na nyama ikaisha huku waliochimba kaburi wakiwa bado juani na udongo miguuni. Hawe alipojua hakupiga kelele. Aliingia na sufuria kubwa iliyoungua chini, akaiweka katikati ya mkeka, mbele ya zile suti.

"Maji haya, majivu haya, mheshimiwa," alisema. "Nyinyi ndio mliokula kwanza."

Walidhani ni mzaha, mpaka alipoketi mlangoni akaunyoosha mguu wake kuziba njia. Kijana mmoja wa msafara aliisugua sufuria ile mpaka ikang'aa, mkubwa wake akijifanya anasoma simu. Nilikuwa nimefiwa na baba, lakini siku ile nilicheka mpaka mama akanifinya.

Msidhani kwamba makaa ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya tangu hapo. Hawe alikuwa mkulima na mfugaji, na ng'ombe wake aliwaita kwa majina ya wakwe zake ili apate sababu ya kuwachapa. Kisha mvua zikaanza kukosa adabu. Zilikuja zikikosea mwezi, au zikaja siku moja kwa fujo zikabeba mbegu, au hazikuja kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Ng'ombe wakaanza kuanguka, naye na binti yake wakawa wanawaburura nje ya boma kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, na mbwa wa kijiji kizima wakanenepa mwaka ule. Alipoburura wa mwisho, alirudi ndani akatoka na shoka. Kichaka kilikuwa chake, mnunuzi wa makaa alikuwa anapita barabarani, na binti alikuwa na watoto wa kulisha.

Hakuipenda kazi ile hata siku moja. Alikata miti huku akitukana, na wakati wote ule sikumjua aliyekuwa akimtukana. Pengine hata yeye hakumjua bado.

Mimi ndiye niliyemwambia. Mimi ni fundi wa viyoyozi Malindi, kwenye mahoteli na majumba ya matajiri yaliyoko ufuoni, na kila nikirudi nyumbani nilikuwa nampitia na sukari. Siku moja aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza kwamba ile mashine haitengenezi baridi kama watu wanavyodhani, kazi yake ni kulitoa joto ndani ya chumba na kulitupa nje.

"Nje kwa nani?"

"Nje tu, Hawe."

"Nje hakuna tu. Nje kuna mtu."

Ikabidi nikubali. Nyumba nyingi ninazofanyia kazi, kile kisanduku cha nje hupuliza joto lake kwenye dirisha la mfanyakazi, kwa sababu mbele kingeharibu sura ya nyumba. Basi tukaanza hapo. Nikamweleza na mengine niliyoyasikia kwenye redio na kwenye simu: kwamba moshi wa viwanda, magari na ndege za nchi za mbali umerundikana juu kwa miaka mingi, kwamba joto limenaswa chini yake, na kwamba mvua zetu zimevurugika kwa ajili hiyo. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Walianza lini?" aliuliza.

"Zamani, Hawe. Kabla ya nyanya yako."

"Na sufuria hawajaiosha."

Tangu siku ile matusi yake yalipata mwenyewe. Lakini nisimfanye malaika, angenikasirikia. Mwaka uliofuata nilimpeleka Kilifi kushughulikia kitambulisho chake kilichopotea, na ofisi ile ilikuwa na kiyoyozi kipya. Haja yake ilikwisha mapema. Hakuondoka. Aliketi chini ya ule upepo, amefumba macho, leso ameishusha mabegani, mpaka karani akaja kuniuliza kama nyanya ni mgonjwa. Nje, jua lilipotupiga usoni, alisema kwa sauti ya mtu aliyeumbuka, "Tamu hii kitu. Ndiyo maana hawataki kuiacha. Hata mimi ningeiba."

Na hakulegea kwa sababu hiyo, kinyume chake. Alisema mwizi anayeiba kitu kichungu ni mwendawazimu na mwendawazimu huhurumiwa. Hawa walijua utamu wake.

Kisha wakaja watu wa mradi. Tuliitwa kwenye baraza, ndani ya darasa la shule ya msingi, nasi tukajibana kwenye madawati ya watoto. Afisa alikuwa kijana wa pwani hii hii, mwenye viatu safi na adabu nyingi. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja kabla ya kuanza. Akaeleza kwamba tukiacha kuchoma makaa, vichaka vitarudi kuwa msitu, na miti ikikua itameza moshi ulioko hewani. Kampuni moja ya ng'ambo ingetulipa kwa ule moshi utakaomezwa: kisima, madawati, mabati ya zahanati. Nayo kampuni ingeandikiwa kwamba imesafisha uchafu wake.

Hawe alinyoosha kidole cheusi.

"Shikamoo, nyanya," afisa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nieleze polepole, kichwa changu kimejaa vumbi la makaa. Mimi naacha moshi wangu?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na huyo wa ng'ambo anaacha wake?"

Afisa alitabasamu. "Anaupunguza taratibu. Ule utakaobaki ndio utakaomezwa na miti yenu."

"Yaani mimi niache moshi wa sima, ili yeye asiache moshi wa ndege."

"Si hivyo hasa, nyanya."

"Hasa ni vipi?"

Chifu alikohoa. Afisa aliinamisha kichwa, akasema kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

"Hiyo ni methali ya aliyepona," Hawe alisema. "Mimi bado naumwa."

Wengine waliweka vidole vyao kwenye karatasi. Siwalaumu, maana anayeteka maji ya kunywa bwawani pamoja na punda hawezi kukikataa kisima. Hawe alikikunja kidole chake ndani ya leso akatoka, na kichaka chake kikabaki nje ya mradi. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa. Nilitaka kumpiga mtu na sikumwona wa kumpiga. Yule kijana alikuwa mwajiriwa kama mimi. Mwenye kosa alikuwa mbali, hajui kama Ganze ipo, na chuki isiyokuwa na wa kuipokea hukurudia wewe mwenyewe ikakuharibu tumbo.

Hawe alijua pa kuipeleka. Kwetu mtu akiibiwa mihogo au nazi na mwizi hajulikani, humwita mganga wa viapo. Huyo hufunga kitambaa chenye dawa mahali palipoibwa, na mwizi huvimba mpaka aungame, arudishe alichochukua, na kiapo kiondolewe kwa damu ya mbuzi. Kina masharti yake. Lazima kwanza utangaze hadharani, ili mwizi apate nafasi ya kurudisha. Bila tangazo huo ni uchawi, na Hawe hakuwa mchawi. Nilimpakia kwenye pikipiki nikampeleka kwa mganga mmoja upande wa Bamba, mzee mtulivu aliyekuwa akishona kiatu chake tulipofika.

"Unamtegea nani, mama?"

"Mwizi wa mvua."

Mganga hakucheka. "Ameichukuaje?"

"Kwa moshi."

Mzee aliviangalia vile vidole. "Na wewe huchomi?"

"Nachoma."

"Kiapo hakimjui mtu. Kinajua kosa. Nikikitia kwa ajili ya moshi, na wewe kitakupitia."

Nilidhani tumefika mwisho wa safari. Kumbe Hawe alikuwa ndiyo kwanza anaketi sawasawa. Alianza kupatana na yule mganga kama mtu anayenunua kitambaa sokoni, na mimi nimesikiliza mikutano mingi ya mazingira kwenye hoteli za Malindi, nikiwa juu ya ngazi natengeneza mashine zao, lakini sijasikia mambo yakisemwa waziwazi namna ile.

"Mimi nachoma nile," alisema. "Wao wanachoma wapoe. Kiapo kitatuvimbisha sawa?"

"Kila mtu kwa kiasi alichochukua."

"Basi sima yangu uitoe hesabuni. Mtu havimbi kwa kushiba ugali wa wajukuu."

"Sima nitaitoa," mganga alisema. "Lakini yale makaa uliyouza ukanunua redio?"

Redio Hawe alikuwa nayo kweli, ndogo, ya betri, na aliipenda kuliko shemeji zake wote.

"Redio hesabu," alisema. "Na wao uwahesabie tangu walipoanza."

"Walioanza wamekufa, mama."

"Wameacha nyumba. Anayelala kwenye nyumba ya wizi na avimbe."

Mganga aliuweka chini uzi wake, akafikiri. "Anayelala humo akijua," alisema. "Asiyejua hakimshiki. Ndiyo maana lazima utangaze."

Hawe akakubali. Kabla hatujaondoka, mzee alimtahadharisha na jambo moja: siku akitaka kiondolewe, kitaondoka chote, kwake na kwao, maana hakuna kiapo cha nusu. Hawe alisema haitafika siku hiyo.

Alitangaza siku ya gulio, pale Ganze, amesimama juu ya kreti la soda. "Mliochukua mvua yetu, irudisheni!" alipaza sauti. "Mkubwa arudishe kikubwa, mdogo kidogo. Msiporudisha, msiseme hamkuambiwa!" Wanawake wa nyanya na vitunguu walishika mbavu. Muuza viatu mmoja akamwambia dua la kuku halimpati mwewe. "Mwewe naye hutua," Hawe alimjibu, akateremka akanunua chumvi. Mimi nilikuwa nimemrekodi kwa simu. Nilimtumia yule afisa wa mradi nikimwomba aipeleke kwa wakubwa wake wa ng'ambo, kwa sababu asiyejua hakimshiki, na mimi nilitaka wajue. Alinijibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Mvua haikurudishwa, mganga akaja akafunga kitambaa chake shambani kwa Hawe, nami nikangoja wavimbe. Naliandika hili wazi, nami si mtu wa kupiga ramli. Kila nilipoingia kutengeneza mashine ya tajiri, jambo la kwanza nililotazama ni vifundo vya miguu yake. Mmoja nilimkuta amevimba kweli, soksi zimemkata nyama, nikafurahi siku nzima kama niliyepata mtoto. Mpishi wake ndiye aliyenivunja moyo. Alisema mzee huvimba hivyo kila akija, ni ule mwendo mrefu wa ndege. Nilipompigia Hawe kumpa habari alishangaa huzuni yangu.

"Ndege si ndiyo hiyo hiyo?" aliniuliza.

Yeye mwenyewe baada ya kile kiapo alipunguza kuchoma. Alichoma kiasi cha unga na chumvi, akaiacha miti mikubwa ya upande wa bondeni isimame. Watu wa mradi waliposikia walirudi kumwomba tena kidole, maana sasa kichaka chake kilikuwa kinapendeza kuliko vyote. Aliwapa maji ya kunywa na viti. Akawaambia hewa ya miti ile haiuzwi, ni ya wajukuu wake, na kwamba angependa kujua watu wa ng'ambo watajisafisha na nini iwapo kila mtu atawanyima sabuni. Niliposimuliwa jibu hilo sikuweza kufanya kazi mchana wote kwa furaha.

Mguu wake ulianza kuvimba msimu mwingine wa mvua ulipopita mkavu. Binti yake alinipigia Malindi. Nilifika kwao baada ya adhuhuri, nikamkuta Hawe ameketi mkekani, mguu wa kulia umewekwa juu ya kigoda, umejaa na kung'aa, kidonda kibichi kisiginoni. Alikwisha kwenda hospitali Kilifi. Daktari alisema ni sukari, akampa vidonge, akamwonya kwamba asipouangalia mguu ule utakatwa. Vidonge alikuwa anavimeza bila kukosa. Lakini binti yake hakuwa mtu wa kutegemea mlango mmoja. Alikuwa amemleta yule mganga kutoka Bamba, na mbuzi dume wa rangi ya majivu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Ndiye mbuzi pekee aliyekuwa amebaki bomani.

"Mwambie wewe," binti aliniambia, macho mekundu. "Wewe anakusikia. Kiondolewe leo, amalize dawa za daktari apone. Mimi sina mama mwingine."

Nilimtazama mganga. Akanikumbusha kwa sauti ya chini kwamba kikiondoka kitaondoka kwa wote.

Hakuna aliyekitaka kile kiapo kuliko mimi. Nilikilala na kukiamkia. Lakini nilipouona ule mguu, nilipouona ukidondosha maji juu ya mkeka, chuki yangu yote ilinifia kooni. Nilipiga magoti.

"Hawe, kiondoe. Wao hawavimbi. Nimewatazama miguu yao wote. Tunaovimba ni sisi."

Alinitazama kama alivyomtazama yule mheshimiwa wa matanga.

"Umewatazama wote, au wa Malindi?"

"Wa Malindi."

"Basi kaa chini." Aliupapasa mguu wake kwa kile kiganja cheusi, taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyefaulu mtihani. "Sima alinitolea. Mlisikia wote wawili. Mguu huu ni redio peke yake. Redio moja, ya betri, hata kanda haichezi. Hebu piga hesabu wewe uliyesoma. Kama redio ni hivi, wao itakuwaje?"

Alikuwa anacheka. Meno machache yaliyobaki yalikuwa yote nje, na sijamwona mtu mwenye maumivu makali akiwa na furaha kama ile. Binti yake alifunika uso kwa leso akalia. Mimi sikulia. Kitu kile kilichonifia kooni kilikuwa kimefufuka, kina makucha, na niliona haya mbele ya binti yake kwa jinsi nilivyofurahi kukipata tena.

"Mama," mganga alisema, "mbuzi amekwisha kuletwa na mimi nimetembea mbali. Nimchinjeje?"

"Mchinje kama kitoweo," Hawe alisema. "Watoto wana njaa. Ini mniletee mimi."

Mzee akachukua kisu akaenda kukinoa kwenye jiwe la mlangoni. Nikainuka niende kichakani kutafuta kuni, na nilikuwa nimefika uani Hawe aliponiita.

"Kuni zisizidi," alisema. "Sitaki wapate cha kuniambia."